Kushuka Kabla ya Mbuzi

"Hakuna mtu anayeshuka Februari," alisema Doña Zoila bila kuinua macho kutoka kwa mbuzi aliyekuwa akimkamua. "Hata theluji yenyewe haijawahi kuteremka mwezi huu."

"Basi nitakuwa wa kwanza, mama," akajibu Orfelina.

"Kwa ukaidi ulishakuwa wa kwanza tangu siku ile mwanangu alipokuleta."

Orfelina alimvutia mama mkwe wake ndoo nyingine, akamfukuza mwana-mbuzi aliyekuwa akiinyemelea. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mwembamba, mikono mikubwa kuliko mwili wake. Alikuwa na desturi ya kunyamaza mpaka watu wadhani amekubali, na wengi walikosea hapo.

Kila Desemba ukoo wa Sepúlveda, kama koo zote za wafugaji wa kaskazini mwa jimbo la Neuquén, hufunga nyumba ya bondeni na kupanda milima ya Andes na mifugo yao. Mbuzi mia nne, mbwa watatu, nyumbu watano wa mizigo, kuku ndani ya tenga. Ni mwendo wa siku kumi na moja mpaka Vega Larga, malisho ya juu, ambako majani hubaki mabichi kiangazi kizima wakati kule chini ardhi imekauka mpaka inapasuka. Hurudi Aprili, kabla theluji haijafunga njia. Safari hiyo Orfelina alizaliwa ndani yake, akaolewa ndani yake. Mwanawe mdogo, Ciro, aliyekuwa na miaka minne, hatua zake za kwanza alizipiga kwenye kituo cha Agua del Zorro, akiwa amemshika mbwa mkia. Dada yake Ailín, mwenye miaka sita, aliweza kulala juu ya farasi bila kuanguka kabla hajaweza kusema "farasi."

Hakuwa mtu wa kuionea aibu safari hiyo. Wanawake wa mjini walipomuuliza, "Jamani, mnawezaje kuishi kule na watoto?" yeye huwatazama tu, maana kwake swali lilikuwa kinyume chake: hao wao wanawezaje kukaa na watoto mahali pamoja mwaka mzima, ndani ya kuta zilezile?

Lakini shule hufunguliwa Jumatatu ya kwanza ya Machi. Na watoto wa wafugaji hufika Aprili.

Aliijua vizuri Aprili hiyo. Wenzake walikuwa wameshajua nani anakaa na nani, daftari linafungwa vipi, wimbo gani unaimbwa bendera ikipanda. Yeye alikuwa akiingia na harufu ya moshi kwenye nywele, anapewa kiti kilichobaki, na kiti kilichobaki siku zote kilikuwa na kasoro. Kisha anaanza kukimbiza somo lililotangulia, mpaka Novemba. Desemba anapanda tena mlima, na yale aliyoyakamata yanamponyoka moja moja njiani. Alimaliza darasa la saba akiwa na miaka kumi na mitano, kichwa kizima, ila amechoka kuwa nyuma.

Desemba iliyopita, siku chache kabla hawajapanda mlima, mwalimu mkuu, Mwalimu Nélida, alimweleza wazi mlangoni mwa ofisi: "Ailín hajakaa chekechea hata siku moja, Orfelina. Kwa kawaida ningempeleka kwa wadogo wa chekechea. Ila nikimwona hapa siku ya kwanza ya Machi, nitampima mwenyewe nione kama anaweza kuingia la kwanza. Akija Aprili, nisilaumiwe. Atakaa na wadogo mwaka mzima."

Maneno hayo Orfelina aliyapandisha mlimani pamoja na unga na chumvi. Kiangazi chote, kila walipomaliza kutengeneza jibini, alitandaza majivu kwenye sinia, akamshika Ailín kidole, wakaandika jina. Wakafuta. Wakaandika. Kufikia katikati ya Februari mtoto alikuwa akiliandika peke yake, ulimi nje, na Ciro alikuwa akilifuta kwa furaha kubwa.

Mumewe, Baudilio, alikuwa mtu wa maneno machache. Usiku wa kuamua alinyonya yerba, ile chai chungu ya kwao, mpaka mrija ukakauka, ndipo akasema: "Nani atamsaidia mama na jibini?"

"Mimi, nyinyi mkishashuka."

"Na kabla ya hapo hurudi huku?"

"Sirudi. Nitabaki bondeni na watoto, nyinyi mtanikuta Aprili."

"Kwa hiyo hakuna wa kumsaidia."

"Wewe una mikono miwili, Baudilio. Nimekuona ukikamua pale unapotaka maziwa ya kunywa."

Akacheka puani, jambo lililomaanisha ameshindwa. "Mchukue yule mwekundu kwa ajili ya watoto. Wewe panda farasi wako."

Hapo ndipo kosa lilipoingia. Mwekundu alikuwa farasi mzuri, ila alikuwa na tabia moja mbaya: kwenye ile njia nyembamba iliyo juu ya mto, pale jiwe linapojitokeza, hushtuka na kurudi nyuma. Ukiwa peke yako unamtuliza kwa magoti. Watoto wawili magoti yao hayafiki hata nusu ya matandiko. Ijumaa alfajiri, Baudilio akiwa ameshatangulia na mbuzi kwenye majani ya juu, Orfelina alisimama zizini akamtazama mwekundu, akamtazama na Golondrina, farasi jike wa kijivu, mpole kama bibi kizee, ambaye hajawahi kukosea hatua maishani mwake.

Ila Golondrina alikuwa ndiye mvaa kengele. Kila mfugaji anaye mmoja: nyumbu hawamfuati mtu, humfuata farasi jike mwenye kengele, na alipo yeye nao wapo. Usiku huna haja ya kuwafunga. Orfelina hilo alilijua tangu utoto. Lakini shughuli za nyumbu ni za wanaume, na yale anayoyajua mtu kwa kutazama tu huwa na mashimo. Akajiambia: wanafuata kengele. Akaivua kengele shingoni mwa Golondrina, akaitundika kwenye mti wa zizi, upepo ukaipiga ikalia vizuri kabisa, akaridhika kwamba nyumbu watabaki nayo, akamtandika Golondrina. Doña Zoila, ambaye angemzuia kwa neno moja, alikuwa amegoma kutoka nje kuwaaga.

Wakashuka. Ailín mbele juu ya Golondrina, Ciro nyuma amemkumbatia dada yake kiunoni, Orfelina akiwafuata na farasi wake, mzigo wa blanketi, unga wa ngano iliyokaangwa, jibini mbili, na makoti mawili meupe ya shule ndani ya foronya ili yasishike vumbi. Aliyashona mwenyewe kwa shuka la harusi yake. Bila mbuzi, njia ya siku kumi na moja huwa ya siku tatu. Jumapili jioni wangekuwa nyumbani, wakaoge, wakalale kitandani, na Jumatatu wakaingie shuleni kama watu.

Saa tisa alasiri walikuwa wamevuka kivuko cha pili na kukaa kula. Ciro, mdomo umejaa unga, akanyoosha kidole.

"Mama, nyumbu."

"Wa nani?"

"Wetu."

Orfelina akageuka. Kwenye mteremko walikuwa wakija mmoja nyuma ya mwingine, bila haraka, bila aibu, wote watano. Wa kwanza alifika, akamnusa Golondrina shingoni, akapumua kwa nguvu kama mtu aliyepata nafuu, akaanza kula majani.

Ailín akawatazama, kisha akamtazama mama yake. "Mama, tumewaiba?"

Orfelina alikaa juu ya jiwe. Kule juu Baudilio hakuwa na mnyama hata mmoja wa kubebea kuni wala chumvi, na kama nyumbu hawa wangetangulia naye bondeni, Aprili mizigo yote ingeshuka mgongoni mwa nani? Akirudi, ni siku nzima kupanda na siku nyingine kushuka mpaka hapo alipokaa. Shule Jumatano. Na Jumatano kwa Mwalimu Nélida ni sawa na Aprili. Alijaribu kuwafukuza kwa mawe. Walisogea hatua kumi, wakamtazama kwa subira, wakarudi. Alijaribu kuwapigia kelele, Ciro akamsaidia, mbwa hakuwapo. Hakuna kilichosaidia. Alijizuia asilie, kwa sababu Ailín alikuwa akimchungulia usoni kama anavyochungulia anga kuona kama mvua itanyesha.

Wakiwa katika hali hiyo alitokea Don Eliseo Parada, akipanda na mzigo wa chumvi. Ni mzee wa malisho ya jirani, kambi moja mbele ya yao, shavu lake limekunjamana kwa jua na ulimi wake hauna breki.

"Orfelina! Umemwacha mume na ukaondoka na mali?"

"Nimevua kengele, Don Eliseo. Nimeiacha zizini."

Mzee akacheka mpaka akashuka kwenye farasi ili acheke vizuri. "Umevua kengele! Binti yangu, ukivua pete, mumeo anakupotea? Hawa wanamfuata mwenyewe, harufu yake. Kengele ni ya sisi wenye pua mbovu."

"Sasa nimejua."

"Umejua kwa bei kubwa. Unakwenda wapi na watoto wakati huu, kuna mgonjwa?"

"Shule. Jumatatu inafunguliwa."

"Shule!" Akageuka kwa nyumbu kana kwamba nao wasikie. "Mimi nilisoma miezi miwili tu maishani, na nitazame, nimesimama hapa."

"Ndiyo, Don Eliseo. Na kila Pasaka unasimama hapohapo kwenye mlango wangu nikusomee barua ya mwanao."

Mzee akakuna kidevu. Akasema kwa sauti ya chini kidogo, "Na unasoma vizuri, sikatai. Pale pa kulia unasoma polepole." Akamshika Golondrina hatamu. "Nipe huyu. Mimi ninapanda, nitampitisha kwako kesho kabla ya chakula cha mchana, na hao watoto wake watano watanifuata. Lakini wewe utabaki na farasi mmoja."

"Watoto watampanda."

"Na wewe?"

"Mimi nina miguu."

"Ni mbali, mwanangu."

"Nimeshuka njia hii mara ishirini na tano nyuma ya mbuzi, na mbuzi hana haraka. Nitafika."

Mzee akavua kofia yake, akaivaa tena. Akaondoka na Golondrina, na nyumbu watano wakajipanga nyuma yake kama watoto wa ubatizo.

Orfelina alitembea. Siku iliyobaki ya Ijumaa, Jumamosi yote, Jumapili yote, kamba ya farasi begani, mbele yake njia ya vumbi jeupe. Kutembea na watoto bila mbuzi kulimshangaza. Mbuzi humaliza macho yako yote; ukiwa nao huoni kingine. Sasa aliwaona wanawe. Aliona Ailín akimfundisha Ciro majina ya vituo kwa mpangilio, Vega Larga, Piedra Mocha, Agua del Zorro, Los Molles, na maji ya kila mahali: haya baridi, haya ya chumvi, haya usinywe. Hakuna aliyemfundisha. Aliyaokota tu, safari baada ya safari, kama wanavyookota manyoya ya ndege. Aliona jinsi anavyompa mdogo wake upande wa kivuli bila kuambiwa. Moyo ulimjaa, na palepale ukamuuma, kwa sababu alijua mwalimu yeyote angeweza kumtazama mtoto huyu akaona nywele chafu tu.

"Mama," aliuliza Ailín Jumapili jioni huko Los Molles, wakiwa wamebakiza mwendo wa saa tatu, "nikienda shule, mbuzi watanisahau?"

"Mbuzi hawasahau mtu."

"Na mimi nikiwasahau?"

Orfelina alikuwa akijifunga kitambaa kwenye kisigino kilichochubuka. "Mimi nilikwenda shule miaka tisa," alisema, "na bado namjua kila mbuzi wa baba yangu, hata waliokwisha kuliwa."

Mtoto alicheka, akalala.

Hawakupata nafasi ya kupita nyumbani. Jumatatu alfajiri wakashika njia ya shule moja kwa moja. Kwenye daraja la kijiji aliwashusha, akawaosha uso na shingo na miguu kwa maji ya mto, Ciro akipiga kelele kama anachinjwa. Akawavisha makoti meupe. La Ailín lilikuwa refu kidogo, alilishona kwa kukisia, mbali na duka na kioo. Mwenyewe alijipangusa viatu kwa majani, ila viatu vyake havikuwa tena vya kupangusa.

Bendera ilikuwa ndiyo kwanza inapanda. Watoto ishirini na watatu wamejipanga uani, karibu wote wa kijijini, na mwanya mkubwa mahali ambapo wale wa mlimani wangesimama Aprili. Vichwa vikageuka. Mwalimu Nélida akageuka pia, akawaona, na kwa muda mfupi alisahau kuimba.

Baada ya bendera alikuja. Akatazama koti, akatazama miguu ya Orfelina. "Baudilio yuko wapi?"

"Na mbuzi."

"Mmeshuka peke yenu?"

"Ulisema siku ya kwanza, mwalimu."

Mwalimu Nélida alikuwa mwanamke mwenye haki, lakini si mwepesi. "Nilisema nitampima, nami nitampima. Akae darasa la kwanza mpaka baada ya mapumziko. Nitamtazama. Kisha nitakwambia."

Chekechea waliruhusu mama akae siku ya kwanza, na dirisha lake lilitazama ua. Hivyo Orfelina alikaa kwenye kiti cha kitoto, magoti yakifika kidevuni, Ciro akicheza na gari la mbao, na macho yake yakiwa nje. Alimwona Ailín akitoka kwa mapumziko. Hakucheza. Alisimama kando, mgongo ukutani, akiwaangalia wenzake wakikimbia. Orfelina alimwomba kimoyomoyo: Cheza, mwanangu, cheza na wewe, wasije wakadhani umezubaa. Mtoto hakucheza. Alitazama tu, kichwa kikienda huku na huku polepole.

Kengele ikalia. Watoto wakaingia kwa kusukumana. Mwalimu akasimama mlangoni, akawapitisha kwa macho, akashika kitasa.

"Hawajatimia," ilisema sauti ndogo. Dirisha lilikuwa wazi, Orfelina aliisikia kama vile imesemwa sikioni mwake.

"Nani hajatimia?" akauliza mwalimu.

"Wao. Mmoja hayumo. Yule aliyekatwa nywele vibaya."

Watoto wakaangua kicheko. Mwalimu akahesabu, midomo ikisogea. Akahesabu tena. Akatoka mbio. Walimkuta Bastián, mtoto wa mwenye duka, nyuma ya banda la kuni, amejipenyeza kati ya ukuta na rundo la magogo kumfuata paka, shati limenasa, amelia mpaka sauti imemwisha.

Baada ya kumtuliza, Mwalimu Nélida alimwita Ailín uani. Orfelina alisahau adabu, akasimama dirishani.

"Ulikuwa umewahesabu?"

"Hapana, mwalimu. Ninajua kuhesabu mpaka ishirini tu."

"Sasa ulijuaje? Umewaona leo kwa mara ya kwanza."

Ailín alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini maji yana unyevu. "Niliwaangalia walipotoka. Halafu walipoingia."

Mwalimu akahakikisha: "Wote?"

"Ni wachache kuliko mbuzi," alisema mtoto, kwa upole, ili asimwaibishe.

Orfelina aliweka mkono mdomoni. Kiangazi kizima walikuwa wameandika jina kwenye majivu, herufi kwa herufi, na hakuna mtu aliyekuwa ameliuliza.

Mwalimu Nélida alikuja mpaka dirishani. Hakutabasamu, hakuwa mtu wa hivyo, ila alijifuta mikono kwenye koti lake mara mbili. "Kuhesabu atajifunza," alisema. "Hilo jingine mimi siwezi kumfundisha mtu. Anabaki la kwanza. Na wewe, Orfelina, nenda kituo cha afya wakakutazame hicho kisigino, unanichafulia sakafu kwa damu."

Hakwenda kituo cha afya kwanza. Alikwenda chumba kilicho kando ya kituo hicho, kwenye kituo kidogo cha redio, ambacho kila siku saa saba mchana husoma salamu kwa watu wa milimani: fulani amejifungua, fulani amelazwa, fulani atume ng'ombe. Kambi zote husikiliza. Doña Zoila hajawahi kukosa hata siku moja. Hata jibini huipa mgongo saa hiyo.

Dada wa redio alichukua kalamu. "Ni fupi, Orfelina, tafadhali. Leo zimejaa."

Orfelina akanyoosha mgongo kama aliye mbele ya darasa. "Kwa Baudilio Sepúlveda na mama yake, Doña Zoila, Vega Larga. Tumefika salama Jumatatu asubuhi. Ciro yuko chekechea. Ailín yuko darasa la kwanza tangu siku ya kwanza. Golondrina na nyumbu wanakuja na Don Eliseo, mnisamehe. Orfelina."

Dada alisoma tena, akipiga maneno kwa ncha ya kalamu. "Ni ndefu. Hapa, 'tangu siku ya kwanza,' naweza kutoa? Wataelewa tu."

"Hayo usiyaguse," alisema Orfelina. "Toa ya nyumbu. Hao wameshafika."